Mama amerudi Umra, kadi ina muhuri lakini sindano hakuchomwa. Nina mtoto wa miezi saba ndani

MwanaMakorora:
Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Ni saa tano usiku, mama kalala chumba cha pili na kikohozi chake nakisikia.

Juzi tulimpokea Dar tukaja naye kwa basi. Tulipofika Segera ndipo akaniambia. Kabla ya safari, yeye na wenzake walipelekwa mahali pa kuchanjia. Foleni ilikuwa ndefu, wakaambiwa watoe chochote, kadi zikagongwa muhuri, wakaondoka. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo hakuchomwa. Kadi ninayo hapa: jina, tarehe, namba ya dawa, vyote kwa wino mmoja wa bluu.

Na kwenye ndege aliyekaa naye bega kwa bega alikohoa njia nzima, mama akamhurumia akampa kikombe chake cha chai anywe.

Mama hana homa, ni mafua na kikohozi tu. Lakini Jumapili tumealika watu kwenye maulidi, wajomba wanatoka Pangani na Muheza. Na mtaani maneno yameshaanza, kwamba wanaoshuka ndege ndio wanaotuletea maradhi. Jirani mmoja kakataa mkono wa mama. Mama akaurudisha ndani ya kanga, akanyamaza. Niliumia sana, na huku mwenyewe naogopa. Maulidi niyaahirishe? Mtoto nimtenge na bibi yake?

Baba Zulfa:
Ahirisha, dada. Mwaka 2014 mtu mmoja alipanda ndege Liberia na Ebola yake mpaka Lagos, wakaugua 20, wakafa 8. Mtu mmoja tu! Mimi ningefunga viwanja vya ndege.

Nesi Mstaafu:
Pole mdogo wangu. Mpe mama pole yangu na umwambie Mungu aikubali ibada yake.

Mafua baada ya Umra ni jambo la kawaida, watu wanabanana kule. Tunachokiogopa ni kile ambacho chanjo ile ingemkinga. Vijidudu vya uti wa mgongo hukaa kooni hata kwa mtu asiyeumwa, na huhama kwa mate: kikohozi cha karibu, busu, kikombe kimoja. Baada ya Hija ya mwaka 2000 waliougua katika nchi mbalimbali hawakuwa mahujaji peke yao, waliugua na watu waliobaki nyumbani. Ndiyo maana Saudia wanaidai chanjo hiyo, na inatakiwa ichomwe angalau siku kumi kabla ya kufika.

Kesho asubuhi mpeleke hospitali ya Bombo. Daktari aambiwe ukweli wote: ametoka wapi, lini, alikaa na nani, na kwamba kadi ni muhuri mtupu. Ukimwonyesha kadi ukanyamaza, ataamini kachanjwa, na mawazo yake yatakwenda kwingine. Usimnunulie dawa za vidonge dukani kwa kubahatisha.

Muangalieni wiki mbili. Homa ya ghafla, kichwa kikali, shingo kukakamaa, kutapika, madoa mekundu au zambarau yasiyofifia ukibonyeza (kwa ngozi yetu tazama viganja, nyayo na ndani ya kope), msingoje kuche. Ugonjwa huu unaua ndani ya saa chache.

Mtoto asilale na bibi kwa sasa, asibusiwe, asilishwe kwa kijiko chake. Miezi saba hata ya surua bado, ile ya kwanza ni miezi tisa. Bibi avae barakoa, madirisha wazi. Wakae wote barazani waonane, hilo halina ubaya.

Mtu wa Chumbageni:
Baba Zulfa, ya Lagos imalizie. Daktari Ameyo Adadevoh alimzuia mgonjwa yule asitoke hospitali japo alishinikizwa, naye akafa kwa ugonjwa huohuo. Kisha wakafuatiliwa watu karibu 900, mlango kwa mlango. Ilipofika Oktoba 2014 Nigeria ikatangazwa haina Ebola. Mgonjwa wetu wa kwanza wa korona hapa Tanzania naye alipita uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), Machi 2020, kipimo hakikuonyesha homa. Kilichosaidia ni mtu mwenyewe kusema. Sasa huyo jirani anayekataa mkono anawafundisha watu wafiche.

Baba Zulfa:
Nimekuelewa. Ila dada, wale wenzake mama kwenye foleni ile nao waambiwe.

MwanaMakorora:
Ahsanteni. Da Nesi, tumetoka Bombo. Mama alisema mwenyewe, mie sikufungua mdomo. Daktari kamsikiliza kifua, kampapasa shingo, kasema kwa leo ni mafua, ila turudi haraka tukiona dalili ulizozitaja. Maulidi tumeyasogeza mbele wiki tatu, wajomba wamepokea vizuri.

Sasa hivi mama kakaa barazani na barakoa yake, mtoto yuko dirishani kwangu anamchekea. Ana simu mkononi, anawatafuta wenzake wa safari. Wawili wamepokea. Watatu bado, anawapigia tena.