Jay wa Mississippi Masala kafukuzwa Uganda sababu ya rangi, mbona na yeye anamkataa mkwe sababu ya rangi?

binti_korogwe

Wadau habari za wikiendi. Jana usiku nimerudia kuangalia Mississippi Masala, ile filamu ya Mira Nair ya 1991, Denzel Washington bado kijana kabisa, na usingizi ulinipaa. Kwa ambao hamjaiona: Jay ni Mhindi mzaliwa wa Uganda, wakili, Agosti 1972 Amin anatangaza Wahindi wawe wameondoka ndani ya siku 90, basi anaondoka na mkewe Kinnu na kabinti kao Mina, wanapitia Uingereza halafu wanaishia Greenwood, Mississippi, wanaishi kwenye moteli za ndugu. Mina anakuwa mkubwa, siku moja analigonga gari la Demetrius, kijana mweusi wa palepale anayesafisha mazulia, wanapendana, na hapo ndo moto unawaka.

Sasa huyu Jay ndo ananiumiza. Rafiki yake Okelo, mtu waliyekua pamoja kama ndugu, alimwambia Afrika ni ya Waafrika, Waafrika weusi, na hilo neno kalibeba miaka yote, kila kukicha anaandika barua kuidai serikali ya Uganda mali yake. Anajua kabisa kukataliwa kunavyouma! Halafu binti yake anampenda mweusi, anakataa.

Niseme ukweli kwa nini imenigusa. Niko Ohio, Marekani, mwaka wa sita. Mama mdogo alinipokea eapoti, hata hatujatoka parkingi akaniambia "mwanangu, weusi wa hapa usiwazoee". Na huyohuyo mama mdogo kazini kwake wanamuigiza anavyoongea Kiingereza, anarudi nyumbani analia jikoni huku anakoroga uji wa watoto. Mimi nikaitikia sawa mama, na miaka miwili mizima muda wa lanchi nilikuwa nakaa meza ya peke yangu, kuna dada mmoja mweusi wa hapahapa alikuwa ananikaribisha kila siku mpaka akachoka. Yule dada namkumbuka sana.

Mnadhani Jay aliogopa nini hasa? Na kuna muvi gani nyingine inayomuonyesha mhamiaji bila kumficha, yaani anabaguliwa na yeye anabagua?

mkazi_wa_kla

Dada umeuliza vizuri. Mimi ni Mtanzania naishi Kampala, hii filamu nimeiangalia mara nyingi mno kwa sababu ile sehemu ya mwanzo na ya mwisho ni huku huku.

Turudi kwa Okelo kwanza. Jay alikamatwa kwa sababu alimsema Amin vibaya kwenye mahojiano ya BBC, na aliyehangaika kumtoa ndani, akatoa na hela, ni Okelo. Kwa hiyo lile neno alilomwambia mimi sikulisikia kama chuki, nililisikia kama mtu anayemwambia nduguye kimbia utauawa. Jay akasikia tusi tu. Siku ya kuondoka Okelo anakuja kuaga, Jay hamkumbatii. Ukitaka kumuelewa Jay wa Mississippi anza na ile mikono ambayo haikunyooka siku ile.

Kuhusu alichoogopa, kuna pale anapoongea na Demetrius uso kwa uso, anamwambia na yeye zamani aliamini anaweza kuibadilisha dunia, na hataki bintiye apitie mapambano aliyopitia. Mimi namwamini anaposema hivyo. Ila Demetrius anamjibu jibu zito, anamwambia nyie mnakuja huku weusi kama sisi, mkishafika tu mnajifanya wazungu na kutukanyaga. Wote wawili wanasema kweli kwa wakati mmoja, ndo maana filamu haizeeki.

Halafu mwisho anarudi Kampala kwa ajili ya kesi ya mali yake, anamtafuta Okelo, anaambiwa aliuawa zamani. Miaka yote hiyo alikuwa anagombana na marehemu.

(Kwa wasiojua, Mira Nair alimpata mume wake, Profesa Mahmood Mamdani, alipokuja huku kufanya utafiti wa hiyo filamu. Mtoto wao Zohran kazaliwa hapahapa Kampala mwaka uleule wa filamu, na ndiye aliyechaguliwa meya wa New York 2025.)

Mwana_wa_Kibokoni

Asalaam aleikum. Naomba nitofautiane kidogo na ami hapo juu. Filamu naipenda lakini Okelo kaonewa. Tunaingia nyumbani kwa Jay, tunaona bustani, tunaona chai, kwa Okelo je? Mkewe nani, wanawe wako wapi, alilala vipi usiku wa siku aliyoagana na rafikiye? Hatuambiwi. Yuko pale kumpenda Jay basi. Mimi nimekulia Mombasa, nyanya yangu alifanya kazi kwenye nyumba ya Wahindi miaka mingi, alikuwa na kikombe chake chake, cha bati, kilikaa nje karibu na mfereji, hakikuchanganywa na vyombo vya ndani. Aliwapenda wale watoto na wao wakampenda, lakini kikombe kilibaki nje. Hicho kikombe nimekitafuta kwenye hiyo filamu sikukiona.

Pale iliposema kweli tupu ni mambo ya rangi baina ya Wahindi wenyewe. Wale akina mama wanamsengenya Mina kwamba msichana anaweza akawa mweusi mwenye pesa ama mweupe asiye na pesa, lakini mweusi tena hana pesa asitarajie kupata kijana wa maana. Sisi hapa Pwani nani atakataa hajayasikia maneno hayo, harusini, mtu anasifiwa bibi harusi "mweupe pee" kabla hata hajaulizwa jina?

dada_wa_Muscat_zamani

Jamani tafuteni filamu ya La Noire de..., ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya 1966, ni kama saa moja tu. Diouana anatoka Dakar kwenda Antibes, Ufaransa, anajua anaenda kulea watoto, akifika anapika, anafua, anasugua bafu, na nje hatoki. Anafanya usafi na gauni lake zuri na viatu vya kisigino, na madamu hilo linamkera kuliko kitu chochote! Mimi nilipokuwa Muscat, Oman, nilinyang'anywa pasipoti siku ya kwanza, hilo nilivumilia, lakini siku niliyopaka wanja na kuambiwa nenda kanawe uso, wewe ni wa kazi, nilikaa chooni nikalia mpaka nikaishiwa machozi. Kwa hiyo vile viatu vya Diouana mimi navielewa bila mtu kunieleza.

Barua ya mama yake inakuja, yeye hajui kusoma, bosi anamsomea halafu bosi huyohuyo anaanza kumuandikia majibu, anamtungia maneno. Diouana anaichana. Mwisho wake ni mbaya sana, anajiua, msiangalie mkiwa peke yenu. Bosi anapeleka mshahara wake Dakar, na mama mtu anaikataa ile hela, hainui mkono. Mimi kila mwezi nilikuwa natuma nyumbani na hakuna aliyeniuliza unaishije huko. Yule mama nilimpenda.

binti_korogwe

Nimesoma kila jibu mara mbili, asanteni sana, na wewe dada wa Muscat pole mno.

Kaka wa Kibokoni, kikombe cha nyanya yako kimeniingia. Sasa najiuliza ile meza niliyokuwa nakaa peke yangu ilikuwa na tofauti gani na kile kikombe.

Leo mchana mama mdogo kaja, nikamuwekea filamu nzima. Hakusema kitu mpaka Jay alipofika Kampala. Hapo akavuta kanga akajifuta macho, akaniuliza, "Sasa huyo mwenzake, walimzika wapi?" Nikakosa cha kumjibu. Akasema irudishe mwanzo, pale wanapoagana.