Mshipi Raskazone: chambo kinaliwa, samaki simwoni

Mgeni_Chumbageni: Wadau, shikamooni wakubwa. Jioni nikitoka kazini naenda Raskazone, hapa Tanga, kutupa mshipi, burudani tu. Naweka chambo cha kamba (uduvi mkubwa), nasikia dokodoko, nikivuta ndoana iko tupu, imesafishwa kama imeoshwa. Tatizo ni nini?

Babu_Ndoana: Marahaba. Nyama ya kamba ni laini mno mwanangu, unawalisha bure wale wadogo. Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi ununue ngisi, ukate vipande vyembamba virefu, umchome ndoana mara mbili ili ngozi ishike. Ndoana nayo iwe ndogo. Samaki changu wa pale si mkubwa kihivyo. Na usikurupuke kuvuta! Dokodoko mwache, subiri mshipi ukazwe.

Mama_Pweza: Angalia na kujaa kwa maji. Siku za bamvua (maji yakijaa na kupwa sana), mwezi mwandamo au mpevu, bahari hujaa karibu saa kumi jioni. Fika maji yakiwa bado yanapanda. Mimi chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) nzito siipendi, inanasa kwenye mawe.

Babu_Ndoana: Mama Pweza, bila chubwi nzito mkondo wa bamvua utakupelekea mshipi Pemba.

Mgeni_Chumbageni: Haya, kesho ngisi. Chubwi nabeba zote mbili.