Lugha ikipotea ugenini, kabila nalo limekwenda?

Wakuu, kuna msemo unaorudiwa kila tukigusa habari za waliohama: asiyejua lugha ya babu zake, kabila si lake tena. Mimi napinga, na nitaanza na mfano ambao kwa juu juu unanipinga.

Wazigua wa Somalia. Wazee wao walitolewa pande za Tanga karne ya 19, wakauzwa utumwani pwani ya Benadir, kusini mwa Somalia. Waliotoroka walijificha kwenye misitu ya Mto Juba, wakalima, wakazaana. Vita vya 1991 vikawatimua tena, baadhi wakateremka hadi Tanzania, na Handeni, kwa Wazigua wa Tanga, wakakuta Kizigua chao kinaeleweka! Zaidi ya miaka 100 mbali na kwao, na bado wanasikilizana na wenyeji.

Mtasema si unaona, lugha ndiyo iliyowalinda. Mimi nauliza lugha yenyewe ililindwa na nini. Wasomali wa koo kubwa waliwaita "jareer", wenye nywele za kipilipili, na kuwaoza binti zao ilikuwa mwiko, hata kama dini ni moja. Ukifungiwa mlango wa jirani, unabaki na cha kwenu. Tusiwapambe ushujaa wa kulinda mila kwa jambo ambalo nusu yake ni kubaguliwa.

Sasa watazameni wenzao wa sehemu za kati za Mto Juba, nao wazao wa watumwa. Hao walitoka makabila mbalimbali, lugha zao zikapotea, wakawa wasemaji wa Kimaay, lugha ya Wasomali wa kusini. Je, walihesabiwa Wasomali kamili? Wapi! Jareer vilevile. Kwenye kambi za wakimbizi, mashirika yakawatia wote kapu moja: "Wabantu wa Somalia". Wazee wao hawakuwahi kujiita hivyo. Lakini maelfu walipohamishiwa Marekani miaka ya 2000, jina lilisafiri nao, na sasa kuna vijana wanajitambulisha kwalo bila kusita. Utambulisho umetoka kwenye fomu ya ukimbizi, na mwenyewe anauona wa kweli. Nani wa kumwambia si wake?

Nakiri hoja yangu ina tundu: kama kubaguliwa ndiko kunakohifadhi, siku wakikubaliwa itakuwaje? Hapo nawasikiliza.

Ila mnaoshikilia kipimo cha lugha, nijibuni kwanza hili. Mzigua aliyezaliwa Handeni, hajawahi kuhama, watoto wake wanajua Kiswahili tu. Naye mmeshamfuta, au kipimo hiki ni cha waliokimbia peke yao?