Naomba ushauri: unyevu kwenye ukuta wa nyumba ya makumbusho

Habari zenu wanachama. Chama chetu cha historia kinatunza nyumba ya kale ya mawe na chokaa iliyogeuzwa makumbusho. Ukuta wa sebuleni ulishapigwa plasta ya saruji. Sasa unyevu unapanda kutoka chini, rangi inabanduka na chumvi nyeupe imejitokeza hadi karibu mita moja juu ya sakafu. Fremu za picha za zamani zimeota ukungu kwa nyuma, na hilo ndilo linalotuumiza zaidi. Picha tumezihamisha, mifereji ya paa tumeizibua, chumvi tunaifagia kwa brashi kavu maana maji huirudisha ukutani. Bado unyevu upo, kwa sababu saruji haipumui, yaani hairuhusu unyevu wa ukutani kutoka. Tukiibandua, tupite alama ya unyevu kwa kiasi gani? Na ukuta ukauke muda gani kabla ya kupiga plasta ya chokaa?