Umeazima grenda ya betri ya mtu, unaitumbukiza betri kwenye ndoo ya maji?!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Nimetoka saiti sasa hivi, huku Kigamboni. Huyu mtu mnamjua. Kama hajakuazima kitu bado, zamu yako inakuja.

Jana jioni kaja na ile sauti yake ya msibani: "Kaka, naomba grenda yako ya betri, nikate nondo nne tu, nusu saa nairudisha." Nondo nne! Nusu saa! Leo saa tisa naifuata mwenyewe. Nakuta betri yangu ya volti 18 imezamishwa kwenye ndoo ya maji ya kisima, haya maji yetu ya chumvi, iko chini kabisa inatoa mapovu kama soda. Mwenyewe kakaa juu ya tofali anakula muhogo. Kuniona tu, akatabasamu: "Bosi, ilikuwa ya moto sana, nimekupozea."

NIMEKUPOZEA!

Namuuliza, na hayo mapovu? Eti ndiyo joto linatoka. Joto! Yale maji ya chumvi yanapitisha umeme, betri inajimaliza yenyewe mle ndani ya ndoo. Mle kuna seli 5 za lithiamu, kila moja volti 3.6, ikijaa inafika 4.2. Maji yakipenya zinapiga shoti ndani kwa ndani, na moto unaweza kuwaka palepale au usiku mmelala. Betri ikichemka unaichomoa, unaiweka kivulini nusu saa, unakunywa chai. Hata chaja nyingi zinaikataa betri ya moto, taa inamwekamweka mpaka ipoe. Chaja inajua, yeye hajui!

Na kwa nini ilichemka? Tazama grenda yenyewe. Kava kaling'oa. Mashine ni ya diski ya milimita 125, kafunga ya 180! Tundu la katikati ni lilelile, ndiyo maana ikamkubali. Diski ile imeandikwa mwisho mizunguko 8,500 kwa dakika, grenda yangu inazunguka 11,000. Ingepasuka tungeokota meno yake mpaka kivukoni. Miwani niliyompa kaivaa utosini kama yuko harusini. Na nina hakika alibadilisha diski betri ikiwa ndani, kidole kimoja kwenye swichi.

Hayo yote ningemeza. Ila "nimekupozea" haishuki kooni. Na alisubiri nimwambie asante! Betri sasa iko uani juu ya mchanga, mbali na nyumba, haiguswi wala haichajiwi tena. Watoto nimewafungia ndani.

Mzee wa Nondo: Pole sana mkuu. Huyo alishanirudishia drili, chaki yake (pale panaposhika ncha ya kutobolea) imejaa zege. Namuuliza, akasema alikuwa anakorogea rangi. Rangi gani inaganda vile?

KibandaChaMbao: Kosa ni lako mleta uzi. Grenda unampa, betri unabaki nayo. Betri zangu nalala nazo chumbani, mke analalamika.

Mleta uzi: Mkuu, sasa grenda bila betri angeikatia nini nondo? Na betri usizilundike kwenye boksi moja na misumari, chuma kikigusa meno yote mawili unaamka na moto. Ila nyie hamjamsikia alivyolitamka. "Nimekupozea." Taratibu, kama daktari.

Bint Saiti: Nimecheka mpaka abiria wa daladala wananitazama. Nimekupozea! Kuanzia leo mume wangu nitamuita hivyo.

Fundi Paa: Mimi yangu ilinyeshewa juzi kidogo. Nikiianika juani hapa kwenye bati si itakauka?

Mleta uzi: USIIANIKE KWENYE BATI! Jua la saa saba juu ya bati linaipika. Iweke nje penye kivuli, mbali na vinavyoshika moto, usiichaji, mpelekee fundi anayezijua. Jamani, kumbe mko wengi.

Mzee wa Nondo: Bora nyie betri. Mimi mtu kaazima ngazi mwezi wa tatu, leo naiona imelazwa mtaroni, watu wanavukia kama daraja.

KibandaChaMbao: Ngazi ni nini. Toroli langu limerudi na zege kavu ndani, nimeligonga na nyundo siku mbili, sasa lina matobo kama chujio.

Bint Saiti: Hilo si toroli, ni wilbaro. Toroli ni la sokoni la kusukuma mizigo.

KibandaChaMbao: Tangu nizaliwe naita toroli. Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi ukaombe wilbaro, uone watakavyokutazama.

Fundi Paa: Kwetu Moshi ni wilbaro.

Mleta uzi: Wakuu, betri yangu bado iko kwenye mchanga.

Mzee wa Nondo: Moshi mnaita hata ndoo wilbaro. KibandaChaMbao, hilo toroli tairi lake bado zima? Langu lina pancha wiki ya pili, nikupe kiasi gani unipe tairi tu?