Mrejesho: siku zangu mbili Kigoma
Wakuu, wiki ile niliuliza mtu akiwa na siku mbili tu Kigoma ale nini na aende wapi, nimesharudi, asanteni sana. Migebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika) ya kuchoma pale Kibirizi acheni tu, ngozi imekauka inapasuka ukiigusa, mafuta yanachuruzika, na ugali wa muhogo wa moto, nimekula mchana na jioni nikarudi tena. Ujiji nimeona sanamu za Livingstone na Stanley, walikutana pale 1871. Mvua ikanikuta sokoni Mwanga nikajibanza duka la vitenge, nusu saa jua kali, nishatoka na doti mbili! Na yule aliyesema dumu la mawese nifunge nailoni chini ya kifuniko, Mungu akubariki, halijamwaga hata tone.