Hivi njegere nayo ina tabia? Dogo kaniuliza nimekwama

Kaka wa Mbagala: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu yuko fomu foo, jana kaja na daftari la bayolojia, wameandikiwa karakta za njegere afu pembeni kaandika kwa penseli: tabia. Ananiuliza, kaka, sa njegere ina tabia gani? Nimecheka ila jibu sina. Mama mwenye nyumba alikuwa barazani anachambua mchicha akadakia, tabia hairithiwi, mtoto anafundwa, na ye ni kungwi kafunda mabinti kibao huku kwetu. Haijapita dakika tano anamfokea mjukuu wake "ndo damu ya babako hiyo, ukoo mzima wabishi". Tushike lipi?

Mwalimu Chaki: Mwambie afute hiyo penseli. Kwenye jenetiki, yani elimu ya urithi, karakta ni sifa tu, kitu unachokiona au unachoweza kukipima, rangi ya ua, urefu wa mmea, umbo la mbegu. Mendel, yule mtawa aliyechunguza urithi kwa kupanda njegere, alichagua sifa 7 za njegere akachapisha matokeo 1866, umbo la mbegu peke yake kizazi cha pili alihesabu za duara 5474 na zilizokunjamana 1850, chukua kikokotoo ugawanye, inakuja karibu 3 kwa 1. Hamna adabu wala utovu wa nidhamu hapo. Ila awe makini, rangi ya ua ndo karakta, zambarau au nyeupe ni treiti, Kiswahili chetu zote tunaziita sifa na hapo ndo maksi zinapopotea.

Binti Saiko: Kwetu saikolojia ndo vurugu zaidi. Tabia ni anachofanya mtu, mfano kung'ata kucha, haiba ni jinsi alivyo kwa ujumla, mcheshi, mpole, mtu wa wasiwasi. Karakta ikabaki inaning'inia, mwanasaikolojia Gordon Allport mwaka 1937 akasema bora tuiache maana ni haiba ileile ila ushaipigia maksi za wema na ubaya. Huyo mama kapatia kote kuwili, tafiti za mapacha zinaonyesha karibu nusu ya tofauti za haiba kati ya watu zinatokana na jeni. Ila msije mkasema nusu ya ubishi wa mjukuu katoka nao kwa babake, hiyo namba ni ya kundi zima, haimpimi mtu mmoja.

Mzee wa Magomeni: Mnazunguka sana nyie. Mtaani neno tabia lina hukumu ndani yake, ukiambiwa "njoo uone tabia za mpangaji wako" unategemea kumkuta anafagia uwanja? Afu asili yake ni Kiarabu, ndugu moja na matbaa, kiwanda cha kuchapa, yani chapa uliyogongwa nayo. Na Wagiriki karakta yao ilikuwa alama ya kugonga kwenye sarafu. Na wala hawakukaa kikao.

Dulla: Na tabianchi je, nchi kaifunda nani 😂😂

Kaka wa Mbagala: Dogo kafuta, kaandika sifa. Mama mwenye nyumba nimemweleza ile habari ya nusu, kasema hiyo nusu yao waje kuichukua wenyewe, na kodi ya mwezi huu iko wapi.